Kijiti cha Uji cha Waskoti: Jina Moja, Vyombo Viwili

Wifi yangu anayeishi Glasgow alipokuja likizo alimletea Mama zawadi ya jikoni: kijiti cha mti mgumu, cha mviringo, laini kama kimepakwa mafuta, urefu wa sentimeta 30 hivi na unene wa kidole gumba. Ncha moja imeviringwa tu. Ncha ya pili imechongwa ua la miiba. Mama alikigeuzageuza mkononi, kisha akaniuliza mimi badala ya kumuuliza mwenye zawadi: "Huu ni mchi au mwiko?"

"Ni mwiko wa uji, Mama," wifi akajibu.

"Mbona hauna ubapa? Mwiko bila ubapa unakoroga nini?"

Swali lile lilinikaa kichwani. Nilianza kulifuatilia nikidhani nitapata jibu la sentensi moja, nikakuta fundo. Waskoti huandika jina la chombo hiki spurtle. Kwa ulimi wetu hutoka spetoli, na ndivyo nitakavyoliandika humu. Ukilitafuta jina hilo kwenye intaneti utaonyeshwa vitu vitatu visivyofanana. Cha kwanza ni kijiti kama cha Mama. Cha pili ni kibao bapa, chembamba, chenye mpini, mfano wa kisu kipana kisicho na makali. Cha tatu ni seti za vibao vya kisasa, vingine vimetobolewa nyufa katikati, ambavyo siku hizi huuzwa Marekani na kwingineko kwa ajili ya kila aina ya mapishi. Vyote vinaitwa spetoli.

Basi tukifungue fundo taratibu, na njia nzuri ni kuanzia kwenye chakula chenyewe.

Nafaka iliyozaa chombo

Uji wa Waskoti ni wa oti. Kwa Kiswahili watu wengi huiita oti "shayiri", lakini shayiri ni nafaka nyingine, ile ya kutengenezea bia. Oti ina punje nyembamba zinazoning'inia moja moja kwenye vitawi, hazikubanana kwenye suke kama za ngano au shayiri. Huvumilia baridi, mvua nyingi na majira mafupi ya joto, mambo matatu ambayo Uskoti inayo tele na ambayo ngano haiyapendi. Kwa karne nyingi, mkulima wa kawaida wa Uskoti hakuwa akichagua oti kati ya nafaka nyingi. Oti ndiyo iliyokubali kuota.

Mwaka 1755 Samuel Johnson, Mwingereza, alipotoa kamusi yake maarufu, aliifafanua oti kuwa nafaka ambayo Uingereza kwa kawaida hupewa farasi, ila Uskoti ndiyo inayowalisha watu. Maneno hayo yalikuwa na mwiba ndani yake, lakini kuhusu Uskoti yalisema kweli. Mfanyakazi wa shamba aliyeendesha jembe la farasi katika karne ya 18 na 19 alipokea sehemu ya ujira wake kwa unga wa oti. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa boli 6 na nusu kwa mwaka, na boli moja ya unga ilikuwa na uzito wa ratili 140. Piga hesabu: ni zaidi ya kilo 410 kwa mwaka, yaani zaidi ya kilo moja kwa kila siku ya Mungu. Unga huo ulikuwa chakula cha asubuhi, mara nyingi na cha jioni pia. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya kale vya Uskoti nao walikuwa na siku yao ya mapumziko iliyoitwa Jumatatu ya Unga, ambapo mtoto wa maskini angeweza kurudi kwao kujaza tena mfuko wa unga wa oti wa kumvusha muhula.

Nautaja wingi huo kwa sababu chombo kinachoshikwa mara mbili kwa siku, mwaka mzima, na kila nyumba, hakibaki na umbo lisilofaa. Kama kijiti kilidumu, kuna kazi kilichokuwa kikiifanya vizuri.

Sasa angalia huo "unga". Oti ina mafuta mengi kuliko ngano, na punje yake ikiachwa hivihivi baada ya kukobolewa huvunda na kuwa chungu. Kwa hiyo wasagaji wa Kiskoti huikausha kwanza kwenye tanuri, kisha huitoa maganda na kuisaga kwa mawe. Kinachotoka si ungaunga kama sembe. Ni chenga: kuna kubwa kama vichwa vya pini, kuna za wastani, kuna ndogo. Hata zile ndogo, ukizisugua baina ya vidole, zinakwaruza. Hili la chenga likumbuke, maana ndilo litakalomjibu Mama.

Mkate kwanza, au uji kwanza?

Chenga hizo zilitoa vyakula vikuu viwili. Kimoja ni uji. Kingine ni mkate mwembamba mkavu wa oti, unaookwa juu ya chuma bapa, hauumuliwi, na unakaa siku nyingi bila kuharibika.

Mkate huo una ushahidi wa kale sana. Mwaka 1327 mtu mmoja wa Liège, mji wa Ubelgiji ya leo, jina lake Jean le Bel, alifuatana na jeshi la Uingereza lililokuwa likiwasaka Waskoti milimani. Aliandika kwa mshangao jinsi askari wa Kiskoti walivyosafiri bila mikate wala vyungu. Kila mpanda farasi alibeba bamba la chuma chini ya tandiko na kijimfuko cha unga wa oti nyuma yake. Tumbo likimsumbua, aliliweka bamba motoni, akaukanda unga kwa maji kidogo, akaoka kimkate chembamba, akala, akaendelea na safari. Bamba la namna hiyo baadaye likawa chombo cha kila jiko. Mji wa Culross, huko Fife, ulijulikana kwa wahunzi wake waliolitengeneza, na mwaka 1599 Mfalme James VI aliwapa wao peke yao haki ya kulifua.

Mkate ulio juu ya chuma cha moto huwezi kuugeuza kwa kijiti cha mviringo. Unataka kitu bapa cha kuuingia chini bila kuuvunja, na mkate wa oti huvunjika kwa kutazamwa tu, kwa sababu oti haina ule ute wa ngano unaoshikamanisha donge. Kibao chembamba chenye mpini ndicho kilichofanya kazi hiyo, na kibao hicho ndicho kilichoitwa spetoli. Neno lilipoanza kuonekana katika maandishi ya kaskazini mwa Uingereza na Uskoti, karne ya 16, maana yake ilikuwa hiyo: ubao wa kugeuzia mikate. Katika sehemu za mashariki ya Uskoti, hasa jimbo la Angus, maana hiyo haikufa. Mzee wa huko ukimtajia spetoli anaweza kuona akilini kibao, wakati Mskoti wa Glasgow anaona kijiti.

Maelezo utakayokutana nayo mara nyingi yanasema kwamba spetoli "ilianza ikiwa bapa, kisha ikabadilika polepole ikawa mviringo". Mimi siyakubali. Chombo cha kugeuzia mkate hakibadiliki polepole kikawa cha kukorogea uji. Katikati ya safari hiyo kingekuwa hakifai kwa kazi yoyote kati ya hizo mbili. Isitoshe, kijiti cha uji kilikuwa na majina yake. Sehemu fulani za Uskoti kiliitwa theevil, na kaskazini mwa Uingereza walikiita thible. Visiwani Shetland jina lake lilikuwa tamu zaidi kwa sikio la Mswahili: gruel-tree, yaani mti wa uji. Neno lao la mti, kama letu, lilibeba maana zote mbili, ule unaoota na ule uliokatwa ukawa boriti, mpini au kijiti.

Kwa hiyo naona kilichohama ni jina. Vyombo vilikuwa viwili tangu zamani, kimoja cha mkate na kimoja cha uji, na vyote viwili vilikaa kando ya moto uleule, mkononi mwa mwanamke yuleyule. Mkate wa nyumbani ulipoanza kununuliwa dukani, ubao wake ukapungua majikoni. Uji ukabaki, na jina likaegemea kwenye chombo kilichobaki. Sisi tuna mfano wetu. Neno "gari" lilipoingia Kiswahili lilihusu kitu cha kukokotwa na ng'ombe au punda. Leo ni cha injini. Hakuna anayedhani mkokoteni uliota injini polepole.

Kuna ushahidi mdogo wa lugha unaonipa moyo kuhusu hili. Mshairi Robert Burns, mwaka 1789, alipomwelezea kwa utani rafiki yake aliyewahi kuwa askari, aliuita upanga wake spurtle-blade, ubapa wa spetoli. Utani huo unaingia akilini ikiwa spetoli ni kitu bapa kama upanga. Upande mwingine, Waskoti humwita mtu mwembamba kuwa ana miguu ya spetoli, kama sisi tunavyosema miguu ya njiti, na utani huo unahitaji kijiti. Vyombo viwili vimeacha alama mbili katika lugha moja.

Na vile vibao vya kisasa vya seti? Havina ukoo wa moja kwa moja na chochote kati ya hivi. Ni miiko bapa ya kazi zote iliyopewa jina lenye mvuto wa kale. Ila kwa umbo vimekaribia maana ya kwanza ya neno kuliko kijiti chenyewe.

Kwa nini kijiti kinashinda kijiko

Sasa turudi kwa Mama.

Sisi tunapopika uji wa ulezi au wa mahindi, kwa kawaida tunauvuruga unga kwenye maji baridi kwanza, ukawa kama maziwa, kisha tunaumimina kwenye maji yanayochemka. Unga umeshatawanyika kabla ya kukutana na moto. Waskoti hufanya kinyume, na kwao ndiyo kanuni. Maji yanachemka sana kwenye sufuria, kisha chenga kavu za oti zinaangushwa moja kwa moja ndani. Mkono wa kushoto unazidondosha kama manyunyu ya mvua, mfululizo, bila kumwaga fungu. Mkono wa kulia unakoroga bila kusimama.

Hatari iko hapo. Wanga ukikutana na maji ya moto huvimba na kuwa ute. Ukimwaga konzi nzima ya chenga kavu, zile za nje huvimba mara moja zikawa ngozi isiyopitisha maji, na ndani yake mnabaki unga mkavu, mbichi. Hilo ndilo donge. Kila aliyewahi kusonga ugali kwa papara analijua, tofauti ni kwamba kwenye ugali mwiko bapa unalisaga donge kwenye ukuta wa sufuria mpaka lisalimu amri. Ugali ni mgumu, unastahimili kukandamizwa. Uji wa oti hauna ugumu huo. Donge lake likikimbizwa huelea na kuteleza, halibanwi na kitu. Dawa yake ni kulizuia lisizaliwe.

Kijiko au mwiko wenye ubapa unasukuma maji mbele yake na kuacha nyuma yake mahali palipotulia. Chenga zinazoangukia pale kwenye utulivu zinajikusanya. Kijiko nacho kina shimo, na shimo hubeba ute wa oti na kuuzungusha kama abiria. Kijiti cha mviringo hakina mbele wala nyuma, hakina shimo wala kona. Kinakata, kinapita, na maji yanajifunga nyuma yake papo hapo. Unaweza kukizungusha kwa kasi bila kumwaga, na kwa kuwa kina eneo dogo la kupambana na uzito, mkono mmoja unatosha hata uji unapoanza kuwa mzito. Mkono mmoja ndio uliopo, kwa sababu wa pili una kazi ya kunyunyiza. Hapo ndipo nilipomwelewa mtu wa kale wa Uskoti. Kijiti hiki kimetengenezwa kwa ajili ya jiko ambamo mkono wa kushoto hauna nafasi ya kushika sufuria.

Ukubwa wa chenga nao unasaidia. Unga laini kama sembe ungeganda hata ukiunyunyiza kwa uangalifu. Chenga zina uzito wa kuzama, kila moja peke yake, na kijiti hakihitaji kuzisaga, kinazitenga tu. Oti ina pia betaglukani, uzi wa lishe unaoyeyuka na kuufanya uji uwe na ule mvutano wa ulaini unaoujua kama umewahi kula oti. Kukorogwa kwa utulivu, muda mrefu, humpa mpishi ulaini huo bila kuligeuza sufuria kuwa gundi.

Baada ya chenga zote kuingia na uji kuchemka kwa utulivu, moto hupunguzwa na uji hufunikwa kwa dakika 20 hadi 30, ukikorogwa mara kwa mara. Chumvi huja baadaye, si mwanzoni; wapishi wa zamani waliamini kwamba ikitangulia huzifanya chenga kuwa ngumu. Maji, oti, chumvi. Sukari na asali ni mambo ya wageni na ya watoto, angalau kwa wale wanaoshika desturi.

Namna ya kula nayo ina utaratibu. Uji wa moto hukaa kwenye bakuli lake na maziwa baridi au malai kwenye bakuli jingine. Unachota uji kwa kijiko, unakichovya kwenye maziwa, unakula. Uji unabaki moto, maziwa yanabaki baridi, mpaka mwisho. Nimejaribu na sitaki kurudi nyuma.

Uji uliobaki haukutupwa. Ulimiminwa kwenye droo ya kabati la jikoni, ukaganda, ukakatwa vipande kama vya mkate. Mtu aliyekwenda shambani au mlimani alichukua kipande chake mfukoni. Uji ukipoa unaweza kukatwa kwa kisu, nasi tunalijua hilo kwa kiporo cha ugali.

Miiko ya mwiko

Kiswahili kina bahati ya neno moja kwa vitu viwili: mwiko wa kupikia na mwiko wa kukatazwa. Spetoli ina vyote viwili.

Desturi inasema uji ukorogwe kwa mkono wa kulia, kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Ukikoroga kinyume unamkaribisha shetani. Leo Waskoti husema hivyo wakitabasamu, lakini chini ya tabasamu kuna fikra ya kale sana ya watu wa Kigaeli, wenye lugha ya asili ya nyanda za juu za Uskoti. Kwa Kigaeli, kuzunguka kwa mwelekeo huo huitwa deiseal, neno lililojengwa juu ya deas, ambalo maana yake ni "kulia" na pia "kusini". Hilo si bahati nasibu. Simama ukitazama mashariki jua linapochomoza: kusini iko mkono wako wa kulia. Kinyume chake ni tuathal, kutoka tuath, kaskazini. Watu waliizunguka nyumba, kisima au mgonjwa kwa mwelekeo wa deiseal kuombea heri, na uji wa asubuhi ukaingia katika utaratibu huohuo. Kukoroga uji kulikuwa kufuata njia ya jua.

Na jua la Uskoti linazungukia wapi? Linachomoza mashariki, linapita upande wa kusini wa anga, linatua magharibi. Ukilitazama, linakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, kama mishale ya saa. Ukiwa Dar es Salaam, kusini mwa Ikweta, kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na ukiligeukia utaliona likienda kutoka kulia kwenda kushoto. Anayetaka kulifuata jua kwa kijiti chake huku kwetu angelazimika kukoroga kwa njia ambayo bibi wa Kiskoti angeikemea. Mwiko huu umezaliwa kwenye anga la kaskazini, na huko ndiko unakoeleweka.

Kuna sababu nyingine ya kawaida zaidi, nayo naiamini vilevile: mtu wa mkono wa kulia huona wepesi kuzungusha kuelekea huko. Mwenye mkono wa kushoto sijui aliwekwa wapi katika hesabu hii. Kwa lugha yetu nako, kulia ni mkono wa kulia chakula.

Kuna na heshima ya ajabu katika matamshi. Waskoti wa zamani walizungumza juu ya uji kwa wingi, kana kwamba ni watu: hawakusema "uji uko tayari", walisema "wako tayari".

Kazi ilipoondoka

Miaka ya 1870, huko Ohio, Marekani, wasagaji walianza kuuza oti iliyopikwa kwa mvuke na kubanwa kwenye rola mpaka ikawa vipande bapa. Jina la Quaker lilisajiliwa kuwa alama ya biashara mwaka 1877. Mwaka 1880 biashara ya Scott's ilianza Glasgow, na oti bapa ikaingia nyumbani kwa Waskoti wenyewe. Hii ndiyo oti inayojulikana na wengi wetu, ile ya pakiti au mkebe.

Oti bapa imeshaivishwa nusu. Inaiva kwa dakika tano. Unaweza kuiweka kwenye maji baridi na kuwasha moto, na haifanyi madonge. Hakuna kunyunyiza, hakuna mkono wa kushoto wala wa kulia, na kijiko chochote kinatosha. Chombo kilichoumbwa na chenga kikakosa chenga. Watu wengi huzungumzia kupotea kwa desturi za jikoni kana kwamba ni uvivu wa vijana. Katika jambo hili nafaka ilibadilishwa kwanza kiwandani, na kijiti kikafuata.

Hakikufa, lakini kilibadilisha makazi. Kikatoka kando ya jiko kikaenda kwenye maduka ya zawadi. Hapo ndipo ua la miiba lilipopata umuhimu wake. Ua hilo, jamii ya mbaruti, ni nembo ya Uskoti. Mfalme James III alilitia kwenye sarafu za fedha tangu mwaka 1470 hivi. Kwenye kijiti linafanya kazi mbili: linampa mtalii alama ya nchi, na linakipa kiganja mahali pa kushika pasipoteleza. Vijiti vya leo hukerezwa kwa mashine, mara nyingi kwa bichi, sikamori, mepo au mti wa cheri. Ni miti migumu yenye nyuzi zilizosongamana, isiyonyonya sana maji na isiyotia ladha kwenye chakula. Sikamori ina sifa ya pekee katika hilo. Kwa anayenunua, ushauri wangu ni kupitisha kidole kuanzia juu hadi chini. Ukihisi mkwaruzo, uji utaung'ang'ania pale, na ute wa oti ukikauka huwa kama saruji.

Wapo waliokirudisha kijiti kazini. Kijiji cha Carrbridge, kaskazini katika nyanda za juu, kinajulikana kwa daraja lake la mawe la mwaka 1717, tao jembamba lililobaki wazi juu ya mto baada ya mafuriko ya 1829 kulibomoa pembeni. Tangu mwaka 1994 kinajulikana pia kwa mashindano ya dunia ya kupika uji. Zawadi ya mshindi ni spetoli ya dhahabu. Katika kundi kuu la mashindano, mshindani anaruhusiwa vitu vitatu peke yake: oti isiyopitishwa kwenye mvuke wala rola, maji na chumvi. Waamuzi huangalia ladha, rangi na jinsi uji ulivyoshikana. Kundi la pili huruhusu vikolezo na ubunifu, lakini dhahabu iko kwenye lile la vitu vitatu. Ukisoma masharti hayo utaona kwamba kwa kukataza oti bapa wamerudisha sababu ya kijiti kuwepo.

Mashindano hufanyika mapema mwezi Oktoba, karibu na Siku ya Uji Duniani, tarehe 10, siku inayotumika kuchangia shirika la Kiskoti la Mary's Meals. Shirika hilo lilianza kulisha watoto wa shule nchini Malawi mwaka 2002, na sasa linafanya kazi katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Kule Malawi watoto hupewa likuni phala, uji wa mahindi na soya, unaopikwa alfajiri kwenye masufuria makubwa na akina mama wa kijiji wanaojitolea. Nimefurahi kujua kwamba shindano la kijiti kidogo namna hii lina upande mwingine ambako uji unakorogwa kwa miiko mirefu kama makasia.

Nilipomaliza kumsimulia Mama haya yote, alinikatisha kwenye chenga. Hakujali Mfalme James wala shetani. "Kwa hiyo ni wa uji wa chenga," akasema. Kesho yake asubuhi aliinjika maji, akatoa chenga za mchele alizokuwa ameziweka kando baada ya kupepeta, akaanza kuzinyunyiza kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukizungusha kijiti cha wifi. Alikoroga upande aliouzoea, na sikumwuliza ni upi. Uji ulipoiva alikisuuza, akakifuta, akakitundika ukutani, baina ya upawa na mwiko wa ugali.